Kuhusu Pampu Ambayo Faili Linasema Sikuwa Nayo

Siku ya kuniaga, mshereheshaji alisimama mbele ya ukumbi hapa Bariadi, akasogelea kipaza sauti na kutangaza kwamba mimi ndiye bwana mifugo pekee anayefahamika kuwahi kupewa barua ya onyo kwa kwenda kuchanja ng'ombe bila pampu ya baiskeli. Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimevikwa shingoni shada la maua ya plastiki, na mtu aliyevikwa shada hana fursa ya kukata rufaa. Sasa nimekaa nyumbani wiki tatu na fursa hiyo nimeipata. Kauli ile si sahihi. Pampu nilikuwa nayo.

Barua yenyewe imo katika faili langu binafsi, na nilipokuwa nikikamilisha taratibu za kustaafu niliisoma tena. Inaeleza kwamba mtumishi alichelewa kufika kituo cha chanjo kwa sababu "hakuwa na pampu, jambo ambalo ni uzembe." Maneno hayo yamenikera kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu kuliko kupe, kuliko tope la mbugani, kuliko hata semina. Nimeyalalamikia mbele ya kila aliyekuwa tayari kunisikiliza. Jambo ambalo sijawahi kueleza kikamilifu ni jinsi yalivyoingia katika faili, na hilo ndilo nimekusudia kulieleza hapa.

Nisingeketi kuandika kama si Kabula, afisa mifugo kijana aliyekabidhiwa kata niliyoiacha. Baada ya sherehe alinifuata nilipokuwa nikifunga zawadi zangu kwenye karia ya baiskeli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Pikipiki niliyopewa inasubiri spea, nami nimechoka kuisubiri. Nimenunua baiskeli. Sasa niambie wewe mwenye historia, ninunue pampu gani? Nataka ndogo, ya kubeba, isiyokufa mapema."

"Nitakuandikia."

"Mzee, pampu tu ndiyo uniandikie?"

"Nitakuandikia," nilirudia, na nilimwona akizuia kicheko kwa heshima zote.

Kwa hiyo waraka huu ni wa Kabula na wenzake. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Hizo zimo katika majalada mengine, na majalada hayo hayana makosa.

Nilipoanza kazi, mkoa huu ulikuwa haujaanzishwa. Barua zetu zote zilipitia Shinyanga na kurejea zikiwa zimechoka. Niliripoti kwa Mzee Limbu, bwana mifugo mwandamizi, mtu mrefu aliyevaa kofia ya pama hata ndani ya ofisi. Nilimkabidhi barua ya ajira na cheti cha chuo. Akavisoma mpaka mwisho, akavikunja, akanirudishia.

"Vyeti vyako vizuri," alisema. "Lete pampu."

Nilikuwa nimetoka stoo kuchukua baiskeli, bomba la sindano, kasha la barafu la kubebea chanjo, na pampu ndefu ya kufungwa kwenye fremu. Aliipokea pampu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto. Akaziba tundu la kutolea upepo kwa dole gumba, akavuta mpini hadi mwisho, kisha akaukandamiza polepole. Mpini ukaingia mpaka ukagota, na upepo ukasikika ukitoroka kwa nyuma.

"Unasikia? Inapumulia mgongoni. Pampu nzima ukiziba hapa, mpini unagoma, na ukiuachia unarudi wenyewe. Irudishe stoo."

"Mzee, nimeshatia saini."

"Basi irudishe na saini yako."

Nilirudi stoo mara mbili siku ile ya kwanza. Pampu ya tatu ndiyo iliyogoma. Mzee Limbu alinieleza sababu akiwa ameegemea baiskeli yake: mfugaji haoni cheti chako, anaona kama umefika. Barafu iliyo ndani ya kasha haikusubiri uzibe pancha. Ng'ombe walioitwa kuchanjwa hawajanywa maji tangu jana, na jua likishapanda hakuna wa kuwazuia wasiende lamboni. Bwana mifugo asiye na upepo kwenye tairi ni mtembea kwa miguu aliyebeba maji ya uvuguvugu. Kisha akanipa sharti moja la mwisho, ambalo halikuwamo katika mwongozo wowote wa kazi.

"Ukiombwa pampu njiani, unashuka. Huulizi anakwenda wapi. Unampa, unasubiri amalize, unaichukua mkononi mwake."

Wasomaji wa mbali huenda wasilielewe sharti hili, lakini kwetu ndivyo barabara zilivyokuwa na bado ziko hivyo. Baiskeli ndiyo hubeba pamba kwenda kununuliwa, mgonjwa kwenda zahanati na bibi harusi kwenda kanisani. Miiba ya migunga haichagui. Mwenye pampu huonekana kutoka mbali, na kumpita aliyekwama ukiwa na pampu kwenye fremu ni sawa na kupita msibani ukipiga mluzi.

Nililishika sharti kwa miaka kadhaa, na ninaomba ijulikane kwamba lilinigharimu. Pampu ndefu kwenye fremu ilikuwa kama bango. Nilisimamishwa na wachuuzi wa samaki, wanakwaya na makatekista. Siku moja niliwakuta watu saba wamebeba pamba, wamejipanga pembeni ya njia na matairi yao yamelala. Mmoja wao alikuwa ameniona tangu mlimani na kuwashauri wenzake wasihangaike. Mzee mmoja aliikopa kujaza baiskeli, akaitumia kujaza mpira wa miguu wa wajukuu zake, akairudisha ikiwa haina tena mpira wa mbele. Vumbi la mbuga lilipenya ndani kwa sababu ilining'inia nje usiku na mchana. Hatimaye kibanio kilikatika mahali nisipopajua, na pampu ikabaki huko. Taarifa ya upotevu niliiandika siku hiyohiyo, kwa nakala mbili.

Stoo haikuwa na nyingine. Nikaingia dukani hapa Bariadi kununua yangu mwenyewe.

Muuza duka alinitolea pampu ya plastiki ya kijani, nyepesi, urefu wake kama kalamu mbili. "Kaka, hii ndiyo ya kisasa," alisema. "Hata mkeo hajui kama unayo. Inakaa mfukoni."

Nanukuu maneno yake kwa sababu ndiyo yaliyoniuzia. Sikuiziba kwa dole gumba. Sikuvuta mpini. Niliijaribisha kwa kuiingiza katika mfuko wa ndani wa koti, nikatazama kama inatokeza. Haikutokeza. Nikanunua. Kabula, unaponisoma hapa, tafadhali tambua kwamba nilinunua pampu kwa sifa ya kutoonekana, na kwamba sikumwambia Mzee Limbu.

Basi ikafika siku ya chanjo kule Shishiyu.

Ilikuwa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Wafugaji wa kule hawakuwa na imani nayo, kwani baadhi ya ng'ombe huvimba palipodungwa, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba chanjo yenyewe ndiyo inayoleta ugonjwa. Nilikuwa nimehudhuria mikutano mitatu kuwaeleza kwamba uvimbe hupungua na kwamba ninayowaambia ni kweli. Wakakubali, kwa shingo upande, kuleta mifugo asubuhi moja. Asubuhi moja tu.

Niliondoka mapema, kasha likiwa kwenye karia limefungwa kwa kamba za mpira. Nikiwa nimebakiza kama robo ya safari, nilimkuta mtu akisukuma baiskeli yenye tairi la nyuma lililokwisha upepo kabisa. Alikuwa mfugaji wa makamo, amejifunga shuka, kisu kiunoni ndani ya ala ya ngozi, na kibuyu cha samli kimening'inia kwenye usukani. Jina lake Gamaya, ingawa wakati huo sikulijua.

"Mwangaluka, bhabha," alinisalimu.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Una pampu?"

Nilitazama jua. Nilifikiria barafu. Nilikumbuka wale watu saba wa pamba. Na kwa kuwa kwenye fremu yangu hapakuwa na kitu chochote cha kunisuta, nikasema, "Sina."

Alinitazama mimi, akalitazama kasha, akayatazama matairi yangu mawili yaliyojaa vizuri. "Bwana mifugo asiye na pampu," alisema, si kwa ukali, kama mtu anayesoma kibao cha njiani. "Haya, nenda. Ng'ombe wanakusubiri."

Nilikwenda. Sina shaka ilikuwa chini ya nusu saa, kwa kuwa nilitazama saa mara mbili. Mwiba ulioingia katika tairi la mbele ulikuwa na urefu wa kidole cha mtoto. Nikasukuma baiskeli hadi kivulini, nikalaza tairi, nikatoa tyubu, nikabandika kiraka, yote kwa utaratibu, kisha nikatoa pampu ya kijani mfukoni na kuanza kujaza. Pampu ndogo huhitaji subira. Mipigo mia mbili ni kawaida. Nilipofika kama sitini, plastiki ikawa ya moto mkononi. Nilipopita sabini, mpini ukaanza kuingia na kutoka bila kipingamizi, kama kijiko katika uji mwepesi. Tairi likabaki limelegea.

Ndipo nikasikia magurudumu yanasukumwa nyuma yangu.

Sikuwa na mahali pa kuificha. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya njia, mpini mkono mmoja, bomba mkono wa pili.

Gamaya alisimama. Aliegemeza baiskeli yake kwenye mti, akaja, akainama akaitazama.

"Hii nayo ni nini?"

"Ni pampu," nilijibu.

"Ahaa. Imezaliwa saa ngapi?"

Nilijifanya kuikagua valvu.

"Maana uliponiacha pale ulikuwa huna. Hongera, bwana mifugo. Mama na mtoto wanaendeleaje?"

"Mtoto amefariki," nilisema, na nikamwonyesha jinsi mpini unavyocheza.

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami, naandika hili kwa kuwa ni la kweli, sikuwahi kuchekwa hivyo na mtu mwenye haki zaidi. Alipomaliza kucheka alinyoosha mkono. "Lete."

Alifungua kifuniko cha pampu kwa meno. Ndani, ile wosha ya mpira inayosukuma upepo ilikuwa imelainika kwa joto na kupasuka. Akaitupa. Akachomoa kisu, akakata kipande cha duara kutoka ncha ya ala yake ya ngozi ya ng'ombe, akakitoboa katikati, akakichovya katika samli ya kibuyuni, akakifinyanga kwenye ncha ya dole gumba mpaka kikawa na umbo la kikombe kidogo. Akakifunga mahali pa ile wosha, akarudisha mpini, akaziba tundu kwa kidole, akakandamiza. Mpini ukagoma. Alipouachia, ukarudi wenyewe.

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote wa kule kuhusu Mzee Limbu na dole gumba lake.

"Nijaze kwanza lako," nilimwambia.

"Acha adabu za kuchelewa," alisema. "Mimi nikichelewa nimechelewa peke yangu. Wewe ukichelewa, ng'ombe wangu arobaini wanashinda na kiu kwenye uchochoro wa miti wa kuchanjia na bado hawajachanjwa. Jaza hilo lako."

Tulipokezana, yeye hamsini na mimi hamsini. Lilipokaza nilimwachia pampu, nikapanda na kuondoka. Nilifungua kasha mara moja njiani na kugusa barafu. Ilikuwa bado na kingo.

Nilipofika, karibu nusu ya makundi ilikuwa imekwisha kuelekea lamboni. Kulikuwa na vumbi lao tu. Na kulikuwa na gari la ofisi, limekuja kukagua zoezi, na ndani yake mkuu wetu wa kazi, ambaye jina lake halina faida hapa. Alikuwa amesimama na daftari mkononi.

"Saa ngapi hizi?" aliniuliza mbele ya wafugaji.

"Nimepata pancha, mheshimiwa."

"Pancha ni dakika kumi kwa mtu mwenye pampu."

Kabla sijafungua mdomo, Gamaya akaingia akipiga kengele. Tairi lake lilikuwa limejaa. Mkuu akamwuliza kama alinikuta njiani na katika hali gani. Gamaya, aliyekuwa bado na kicheko tumboni, akajibu kwa sauti ya kuwafurahisha wenzake: "Nilimwomba pampu, akasema hana!"

Watu walicheka. Mkuu akaandika.

Nilimwona Gamaya akilitazama lile daftari, na nikauona uso wake ukibadilika. Aligeuka kunitazama. Pampu ilikuwa mkononi mwake, ndani ya mkunjo wa shuka. Alikuwa amefunga mdomo, na nilielewa kwamba yaliyobaki alikuwa ameniachia mimi niyaseme.

Kabula, zingatia jinsi mambo yalivyokuwa. Kama ningenyamaza, ningekuwa mtumishi aliyesahau pampu. Kama ningesema pampu ninayo, ningekuwa bwana mifugo aliyemdanganya mfugaji barabarani, mbele ya wafugaji ambao nimewaomba mara tatu waniamini kuhusu kitu nitakachokidunga katika mali yao yote. Anayedanganya kuhusu upepo, kwa nini aaminiwe kuhusu dawa? Makundi yaliyobaki yangekwenda lamboni moja kwa moja, na homa ingewakuta huko.

Nilinyamaza. Mpaka leo ninaamini kwamba kwa ajili ya ng'ombe wale nilifanya sawa. Lakini sitadai kwamba niliwafikiria ng'ombe peke yao.

Gari likaondoka. Gamaya akapita mbele ya wenzake wote na kuingiza ng'ombe wake wa kwanza kwenye uchochoro. "Anza na hawa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Wakifa, mtanisaidia kula nyama." Wengine wakasogea. Kisha akatuma watu lamboni kwenda kuwaambia waliotangulia kwamba wakishanywesha warudi, bwana mifugo yupo na barafu ipo. Walirudi karibu wote. Tulimaliza jua likizama, na kipande cha mwisho cha barafu kilikuwa kama punje ya muhindi. Jioni, Gamaya alinirudishia pampu mkononi.

Ng'ombe wa Shishiyu walipona msimu ule. Barua ya onyo ilifika wiki mbili baadaye: "hakuwa na pampu, jambo ambalo ni uzembe," na chini yake, "kama ilivyothibitishwa na mfugaji aliyemkuta njiani."

Nilihamaki. Nilikaa mezani kuandika utetezi. Sentensi ya kwanza iliandikika vizuri: "Napenda kuarifu kwamba siku hiyo nilikuwa na pampu." Sentensi ya pili ilianza na neno "ila", na sikuwahi kuipita. Nilijaribu mara tatu kwa miaka tofauti. Nilimpelekea Mzee Limbu barua ile nikitaraji anionee huruma. Aliisoma mpaka mwisho kama alivyosoma vyeti vyangu.

"Mwandishi hajakosea," alisema. "Ameandika alichoambiwa. Nani alianza kusema kwamba huna?"

Akanirudishia barua, akavaa kofia yake vizuri, na hatukuizungumza tena hadi alipostaafu.

Sasa nije kwenye swali lako, maana uliuliza pampu na si maisha yangu.

Ile ya kijani ilikufa baada ya miezi michache. Plastiki ilipasuka, ingawa wosha ya Gamaya ilikuwa bado nzima. Niliitoa nikaihifadhi. Pampu iliyofuata niliipata Nyashimo, kwa fundi baiskeli wa kando ya barabara ya Mwanza, nilipokuwa nimetumwa huko kwa kazi nyingine. Ilikuwa imetumika, haina rangi, imelala katika boksi la spoki. Niliiziba kwa dole gumba na kuikandamiza.

"We kaka umefundishwa na mzee gani?" fundi aliuliza. "Wateja wangu huwa wanauliza rangi."

"Ifungue nione ndani."

"Ndani kuna nini cha kuona?"

"Wosha."

Aliifungua kwa vidole. Wosha ilikuwa ya ngozi. Nikainunua, na nimeibeba tangu siku hiyo hadi siku ya shada la maua.

Kwa hiyo, mwanangu, nunua yenye mwili wa chuma au wa alumini nene, kwa sababu plastiki hupata moto mapema na joto ndilo linaloua vya ndani. Urefu wake usizidi kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko; ikiwa fupi mno, utajaza hadi uzeeke. Iwe na mpira wake wa kuunganishia kwenye valvu, wa kujikunja, unaohifadhiwa ndani ya mpini usipotumika. Zile zinazobanwa moja kwa moja kwenye valvu huvunja shingo ya tyubu, hasa mikono ikishachoka. Hakikisha inaingia kwenye valvu za baiskeli zetu za kawaida na pia zile nene zinazofanana na za pikipiki, maana hutajaza la kwako tu. Mpini uwe wa kukunjuka, ukae kiganjani bila kukufinya nyama. Na iwe inafunguka kwa vidole, bila spana, na ndani iwe na wosha ya ngozi. Wosha ya mpira ikipasuka utaagiza, na ukiagiza utasubiri. Ya ngozi ikiisha, uko Simiyu. Boma lolote utakalofika lina ngozi na kisu.

Usiipake samli. Mimi niliendelea kuipaka kwa mwaka mzima kwa kumbukumbu ya Gamaya, na kwa mwaka mzima sisimizi walihamia ndani ya pampu na mbwa wa vijiji vitatu walinisindikiza. Tumia tone moja la mafuta ya cherehani kila mwezi. Izungushie kipande cha tyubu kuukuu kwenye mdomo, vumbi lisiingie. Kabla ya kulipa, ziba, vuta, kandamiza, hesabu hadi kumi. Ikirudi yenyewe, chukua. Muuza duka akikuambia kwamba haionekani, mwachie.

Kisha ifunge nje ya mkoba, mahali inapoonekana. Ndogo au kubwa, ionekane. Mimi niliifunga hivyo kwa miaka yote iliyobaki, na nilisimamishwa kama zamani. Nimejaza tairi la bwana harusi aliyevua koti la suti akanipa nimshikie. Nimejaza matairi ya mtu aliyekuwa akienda kunishtaki ofisini kwa kumpiga faini ya josho; aliniambia mwenyewe, akashukuru, akaendelea na safari yake ya kwenda kunishtaki. Nimechelewa mara nyingi, na kila mara niliandika sababu.

Wiki iliyopita nilikwenda Shishiyu. Nilikwenda kwa baiskeli, taratibu, kwa kuwa sasa hakuna barafu inayonikimbiza. Gamaya amezeeka, anatembea na fimbo na macho yake ya mbali yamepungua. Alikuwa amekaa nje ya nyumba, na baiskeli yake, ileile kwa fremu ingawa si kwa vingine, imeegemezwa ukutani, tairi la nyuma limelala.

"Mwadila, bhabha," nilimsalimu, maana jua lilikuwa limegeuka.

Alikaza macho, akanitambua kwa sauti kabla ya sura. Hakuitikia salamu. Alisema, "Una pampu?"

"Ninayo."

"Mungu mkubwa," alisema, akaanza kucheka.

Nilijaza tairi lake. Mia mbili na kumi, nikipumzika mara mbili, naye akihesabu kwa sauti na kunirudisha nyuma kila nilipojaribu kuruka. Kisha nilimweleza kilichonipeleka: kwamba nataka kuliandikia faili langu sahihisho, na kwamba sahihisho hilo linamhusu, kwa hiyo nimekuja kumwomba ruhusa.

"Hujaandika tu miaka yote hiyo?"

"Sikuweza kupita sentensi ya pili."

"Mimi nilikuachia siku ileile," alisema. "Nikajua utasema ukiwa tayari. Ila sikujua utasubiri ustaafu. Serikalini kweli mambo yanachelewa." Akanyoosha mkono, akaipapasa pampu, akafungua kifuniko kwa vidole na kugusa ndani. "Hii wosha ni ya ala yangu?"

"Ndiyo. Ya fundi iliisha, nikaiweka hiyo."

"Wabeja," alinishukuru, na akaifunga.

Jana nimepeleka barua ofisini, nikaomba iwekwe kwenye faili langu juu ya ile ya onyo, na nikasubiri mpaka karani alipoigonga muhuri wa kupokelewa. Pampu nimempa Kabula, mkononi. Barua ina sentensi mbili, na nakala yake ninaiweka hapa ili kumbukumbu ziwe sawa kote:

"Napenda kuarifu kwamba siku ya chanjo ya Shishiyu nilikuwa na pampu. Aliyesema sina ni mimi."